Mwalimu, Nilisema Basi

Jumapili, alasiri. Kilwa Masoko. Mvua imepiga asubuhi nzima, sasa jua limetoka na uani kunafuka mvuke. Nimefua, nimeanika, nimepika, nimeosha hata vyombo vilivyokuwa safi. Hasira haijapungua hata chembe.

Wanaonisoma hapa wamezoea niandike mambo ya mgongo na kiuno: mama, lala hivi, nyanyua ndoo hivi. Leo sina ushauri kwa mtu. Leo nikinyamaza nitamfokea asiyehusika.

Kwa aliye mgeni, naitwa Hawa na kazi yangu ni kukanda. Nina chumba karibu na soko, kina pazia zito na kitanda kirefu alichonichongea mume wangu, Shaibu, ambaye ni seremala. Nawahudumia wanawake tu: waliojifungua, walioinamia palizi, waliookota korosho mpaka kiuno kikagoma kunyooka. Kukanda nilifundishwa na mama yangu kijijini Njinjo, nikaongezea na mafunzo ya hapa na pale. Napenda kujifunza. Ndiyo maana nilipanda basi kwenda Lindi mjini kwa mafunzo ya wiki nzima.

Tulikwenda kufundishwa kulegeza utando. Aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua: ule utando mweupe, mwembamba, ulioifunga nyama isitawanyike. Na sisi tunao, mwili mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni. Ukiumia, ukipasuliwa, ukikaa mkao mmoja miaka na miaka, unakakamaa na kuanza kuvuta. Unapovuta sipo panapouma. Mtu analalamika bega, kumbe kinachomvuta kiko ubavuni.

Na nitasema kweli, maana nisiposema mtadhani nimekwenda kuchafua tu jina la watu: mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri.

Siku ya kwanza Mwalimu Gasto, aliyetoka Dar kuja kutufundisha, alituambia tuweke mafuta ya nazi pembeni. Tukacheka. Kukanda bila mafuta? Akasema mafuta yanautelezesha mkono, na kazi hii haitaki mkono unaoteleza. Unaweka viganja, unazama taratibu mpaka unagota, mkono unagoma kuingia zaidi. Hapo usisukume. Unasubiri. Ni kama fundo la kanga iliyolowa: ukilivuta kwa pupa linakaza, ukilichezea polepole linalegea lenyewe. Nilimwekea mikono Bi Somoe, mwenzangu niliyepangwa naye, mama wa makamo anayekanda waliojifungua huko Mchinga. Nikapishanisha mikono chini ya shingo yake, nikasubiri mpaka nikachoka kusubiri, na ghafla nikahisi kitu kinaondoka chini ya kiganja, kama mtu anayesogea akupishe ukae. Bi Somoe akashusha pumzi. "Ala!" akasema. "Kumbe hapo ndipo palipokuwa pamebana!"

Nilifurahi kama mtoto. Usiku ule nilimpigia Shaibu nikamweleza hadi vocha ikaisha.

Siku ya tatu Mwalimu akauliza nani kati yetu ana kovu la upasuaji.

Nikanyoosha mkono. Ninalo kovu la kuzalia, chini ya kitovu, na kweli linavuta. Nikiinama sana linanikumbusha kwamba lipo. Akaniuliza mbele ya darasa, la mtoto wa ngapi. Nikasema wa kwanza. Akauliza yuko darasa la ngapi sasa.

Nikasema hakuishi. Alizaliwa kimya.

Uso wake uliwaka. Sijui niliseme vipi ili nieleweke. Si kwamba alitabasamu. Lakini nimeshaona fundi anavyotazama ubao mzuri uliomfikia mkononi bila kuutarajia, na Mwalimu Gasto alinitazama hivyo.

Akanilaza kwenye kitanda cha katikati. Wenzangu wakasimama kunizunguka, wanawake wengi na wanaume wachache, mmoja wao anachua wachezaji wa mpira pale Lindi. Niliomba kufunuliwa pale penye kovu tu, nikafunikwa shuka juu na chini. Sawa. Yule binti aliyekuja naye kumsaidia akashika simu kurekodi. Kila siku alikuwa anarekodi, tuliambiwa ni kwa ajili ya kujikumbusha wenyewe. Sawa.

Akaweka mikono. Mwanzoni ilikuwa kama alivyotufundisha. Baadaye akaanza kusema. Akaliambia darasa kwamba utando hauhifadhi tu majeraha, unahifadhi na huzuni. Kwamba mama aliyepoteza mtoto anambeba mtoto huyo papa hapa, chini ya kovu, mpaka apatikane mtu wa kumtoa. Na kadiri alivyosema ndivyo alivyozamisha vidole. Alishapita pale pa kugota. Mimi nilijua, mwili ni wangu. Yale ya kusubiri aliyotufundisha Jumatatu, Jumatano ameyasahau.

Nikasema basi.

Akazidi. Nikasema, "Mwalimu, basi." Maumivu yalipanda kama kisu cha moto hadi kwenye nyonga. Nikasema, "Inauma, basi." Akanijibu kwa sauti ya upole, ile sauti ya kumbembeleza mtoto, "Acha itoke, dada, acha itoke." Nikalia. Nililia kwa nguvu, kwa kelele, kwa kamasi, mbele ya watu nisiowajua.

Akaondoa mikono, akawageukia wenzangu. "Mmeona? Huzuni imetoka."

Na watu wakapiga makofi.

Huzuni gani? Nilikuwa naumizwa! Mtu akikubana kidole mlangoni ukalia, naye ataitwa tabibu?

Sijui kama utando unahifadhi huzuni. Huenda unahifadhi, mimi si mtu wa maabara. Wako wanaolia kitandani kwangu. Nawafunika shuka, nasimama kando, nanyamaza mpaka wamalize. Sijawahi kumwambia mtu analia nini. Anayelia ndiye anayejua. Na asiposema, si lazima nijue.

Nilijifunga kanga yangu, nikaenda uani kunawa uso. Nikajiambia yameisha. Mafunzo yamebaki siku mbili, cheti nakihitaji, nivumilie tu. Sisi wanawake wa huku kuvumilia tumefundishwa kabla ya kutembea.

Kesho yake mchana ikapigwa simu. Wifi yangu Tatu, dada yake Shaibu, anayeuza samaki wa kukaanga Somanga pale barabarani magari yanaposimama.

"Wifi, nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Kuna video imetumwa kwenye kundi letu la vikoba. Mama anakandwa tumbo analia. Wameandika mama aachia huzuni ya mwanawe aliyefariki. Sura haionekani. Lakini wifi... ile sauti si yako?"

Nilikaa chini, pale pale kwenye ngazi za ukumbi.

Nilipoitafuta nikaikuta. Mwalimu ameiweka kwenye ukurasa wake, na chini ametangaza mafunzo yanayofuata. Tumbo langu. Kovu langu. Sauti yangu. Watu wanaandika mashallah, wanaandika machozi yanitoka, wanaandika mwalimu una kipaji. Na ndani yake, kwa yeyote mwenye masikio, mwanamke anasema basi. Anasema tena. Anasema tena na tena. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Hicho ndicho kilichonichoma kuliko hata tumbo kuonekana. Hakulificha neno langu. Hakulikata. Aliliacha pale wazi kwa sababu hakuliona kuwa ni neno.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele kama kawaida, amevaa shati lake jeupe, akatusalimu, akatuombea dua ya siku ya mwisho. Tulipoitikia amina nikasimama.

"Mwalimu, naomba uiwashe ile video. Uweke na sauti."

Akaelewa mara moja ni ipi. "Dada Hawa, hilo tutaongea pembeni."

"Hukunilaza pembeni. Ulinilaza katikati."

Yule binti wa simu akamtazama bosi wake, akanitazama mimi, kisha, Mungu ambariki, akaiwasha bila kungoja ruhusa.

Tukasikiliza wote. Basi. Mwalimu, basi. Inauma, basi. Na ile sauti ya kubembeleza: acha itoke.

Nikasema, "Jumatatu ulitufundisha tukigota tusubiri. Mimi nilikugotesha kwa mdomo. Kwa nini hukusubiri?"

Nilidhani ataomba radhi. Wallahi nilidhani. Nilikuwa tayari kumsamehe papo hapo ili mambo yaishe, ndivyo nilivyolelewa. Yeye akashika kidevu, akatafuta maneno, akasema, "Hili ni somo zuri kwa wote. Mwili unapoachia mzigo, mdomo unaweza kusema basi. Akili inakataa, lakini mwili unakubali. Mtaalamu anausikiliza mwili."

Niliyapanga maneno usiku kucha, yote yakapotea.

Aliyesema ni Bi Somoe. Alikuwa ameketi, hakusimama, wala hakupandisha sauti.

"Hayo maneno, mwanangu, sisi wanawake tumeshayasikia. Na hatukuyasikia darasani."

"Akili inakataa, mwili unakubali," Bi Somoe akayarudia taratibu, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Rudi kayafikirie hayo uliyosema. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pake. Nilimsikia vizuri tu. Nikadhani ndivyo kazi inavyofundishwa, nikapiga makofi na wajinga wenzangu. Hawa, mwanangu, unisamehe. Na hiyo video ifutwe sasa hivi, tukiona kwa macho."

Yule kijana anayechua wachezaji wa mpira akasema, "Na mimi nilisikia." Mwingine naye akasema alisikia. Kumbe wote walisikia! Nikashindwa kujua niwashukuru au niwarushie viti.

Ikafutwa. Akasema, "Kama kuna mtu alijisikia vibaya, naomba radhi."

Kama kuna mtu.

Mchana ulikuwa wa kupimwa tulichojifunza. Wengine wangeondoka. Mimi nilibaki, na sitaki mtu aniulize kwa nini. Mikono ni yangu, niliyojifunza ni yangu, sitamwachia kwa sababu ya ujinga wake. Nikamlaza Bi Somoe, nikaweka viganja begani, nikazama, nikagota. Nikamuuliza, "Niendelee?" Akasema, "Endelea." Nikasubiri. Baadaye nikamuuliza tena. Mwalimu Gasto alisimama nyuma yangu, akatazama, akasema kwa sauti ya chini, "Una mikono mizuri sana."

Na mimi nikafurahi.

Naandika hili kwa sababu ndilo linalonikera kuliko yote. Baada ya yale, sifa yake bado ilinifurahisha. Nilijichukia njia nzima, kutoka Lindi hadi basi linaposhusha watu wa Kilwa.

Nilidhani nikifika nyumbani nitapumzika. Jana asubuhi akaja mteja wangu wa siku nyingi, mke wa fundi cherehani wa mtaa wa pili, amejifungua mwezi uliopita. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Dada Hawa, shemeji yako ameiona video, amesema nikuulize. Siku hizi mnarekodi?"

Nikamwambia hapana, haijatokea wala haitatokea. Akasema anaamini. Akasema atarudi kesho kutwa, mtoto ana joto. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amelala, hana joto lolote. Miaka nimejenga hicho chumba, pazia moja, neno halitoki. Mtu mmoja wa Dar na simu yake wamelipasua hilo pazia, na mimi ndiye ninayeshona.

Lakini la mke wa fundi nitalimaliza. Atarudi, au hatarudi, watakuja wengine. La ndani ya nyumba ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Shaibu aliiona. Tatu alimwonyesha alipopita Somanga kuchukua mbao. Tangu nirudi alikuwa hasemi, anapiga randa tu uani, ubao mmoja anaupiga randa mpaka utabaki karatasi. Jana jioni, baada ya magharibi, akaja kukaa kwenye kiti kilicho mbele yangu.

"Kwa nini hukuinuka?"

Jamani.

Nikamwambia, mtu amekuzamisha vidole tumboni, unainukaje? Nikamwambia nilisema basi. Nikapandisha sauti, nikamwambia kwa nini unaniuliza mimi badala ya kumuuliza yeye? Majirani wamesikia, wasikie.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Sijawahi kukusikia ukilia hivyo, Hawa. Tangu siku ile hospitali. Hukulia mbele yangu hata siku moja. Nimekuja kukusikia kwenye simu ya Tatu."

"Nilikuwa nalia maumivu, Shaibu. Si mtoto. Yule ni mwongo."

Akainamisha kichwa. "Kwa hiyo mtoto hujamlilia?"

Hapo ndipo nilipoelewa Mwalimu Gasto amefanya nini. Si kuniumiza tu. Si kuniweka mtandaoni tu. Ameingia na uongo wake mpaka sebuleni kwangu, akamkalisha mume wangu mahali pa kutamani uongo huo uwe kweli. Shaibu alitaka kuamini kwamba nililia kwa ajili ya mtoto wetu, hata kama ni mbele ya wageni, hata kama ni kwa mkono wa mtu mwingine. Na mimi, kwa kusema ukweli, nilimnyang'anya hicho nacho.

Ningeweza kumwacha aamini. Sekunde moja niliwaza hivyo.

Nikamwambia ukweli mwingine. Kwamba nilimlilia Njinjo, nilipokwenda kukaa kwa mama baada ya kutoka hospitali. Kidonda kilipofunga, kila asubuhi nilibeba jembe, nikasema naenda kupalilia, nikaenda mwisho wa shamba kwenye mihogo, nikalia mpaka kwikwi ikanishika, nikanawa kwa umande, nikarudi. Nilidhani nikilia mbele ya Shaibu atavunjika. Na yeye naye akasema, kumbe, alikuwa anakwenda kulia karakanani, anawasha mashine ya kukatia mbao ili asisikike. Niliporudi kutoka Njinjo nilikuwa nikiisikia ile mashine kutoka ndani, nikidhani ana oda nyingi.

Tulicheka kidogo. Kicheko kibaya, kisicho na furaha, lakini kicheko.

Kisha nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kumuuliza. Siku ile mimi nilikuwa bado nimelala wodini, yeye na kaka zake ndio waliomchukua mtoto wakaenda kumzika. Mwanamke haulizi sana mambo ya makaburi, ndivyo tunavyokua. Nikamuuliza, "Mlimlaza wapi?"

Akanieleza. Upande wa juu wa makaburi, karibu na ukuta, ameweka jiwe dogo. Huwa anakwenda kung'oa majani. Siku zote hizo amekuwa akienda, na mimi sijui.

Mwalimu Gasto sijamsamehe. Shaibu anasema nimwachie Mungu, mama kanipigia kutoka Njinjo anasema nisikuze mambo, Tatu anasema mwaka ukipita watu watakuwa wamesahau. Nimewasikia wote. Nitasamehe siku nitakayotaka mwenyewe, na leo sitaki. Nimeshawaandikia washiriki wa mafunzo yanayofuata, wale niliowapata, kwamba mtu akikuwekea mikono una haki ya kusema basi na neno hilo lina maana moja tu. Wengine wamenishukuru. Mmoja ameniita mchochezi. Na awe na amani.

Nimemwambia Shaibu kesho anipeleke. Alfajiri, akitoka msikitini, kabla jua halijawa kali. Watakaosema wanawake hawaendi makaburini, waseme, wakichoka wanyamaze. Sijui nitafanya nini nikifika. Labda nitang'oa majani upande mmoja, na yeye upande mwingine. Labda nitalia, labda sitalia.

Tutakuwa wawili tu. Hakuna atakayetuambia tulie nini.